Manju na Uongozi wa Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu wanamuziki wa jadi wa Afrika Mashariki, hasa Tanzania, na nafasi yao katika kuongoza jamii zao tangu zamani hadi leo. Mifano mingi imetoka Usukumani na pwani, kwa sababu huko ngoma ilipata kuwa chombo cha kupanga watu, kukusanya mali na kuwasema wakubwa, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri kuliko za mahali pengine pengi.

Manju ni nani, na anatofautianaje na mwanamuziki wa kawaida?

Manju ni mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika ngoma. Yeye huanzisha na wenzake huitikia; yeye hujua wimbo upi uimbwe kwenye mavuno, upi msibani, na upi uachwe kabisa pale ambapo wenye ugomvi wao wameketi pamoja. Wasukuma humwita ningi. Mpiga gitaa wa bendi anaweza kuajiriwa leo hapa na kesho kule, na mshairi anaweza kutunga akiwa peke yake chumbani, lakini manju asiye na kikundi ni mtu mwenye sauti nzuri tu.

Neno ngoma lenyewe lina mengi ndani yake. Kwa Kiswahili ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, ni nyimbo, na ni mkusanyiko wenyewe, kama tunaposema kwamba kwa fulani leo kuna ngoma. Kwa Kirundi na Kinyarwanda, ingoma ni hicho chombo na pia ni utawala wa mfalme. Kwa hiyo anayeuliza uhusiano wa muziki na uongozi katika eneo letu anauliza jambo ambalo lugha zetu zilikwisha kulisema kwa neno moja.

Kwa nini mtu wa nyimbo aaminiwe kuongoza watu?

Kwa sababu kabla ya kuonekana uwanjani, alikwisha kuwaongoza. Ngoma ya siku moja hudai kazi ya majuma kadhaa: ngozi zipatikane na ngoma ziwambwe, njuga na misewe ihesabiwe, chakula cha wageni kichangwe, vijana waje mazoezini baada ya kutoka shambani, na wawili waliogombania mchumba mmoja wapatanishwe ili wasimame mstari mmoja bila kukanyagana. Vikundi vingi huwa na mwenyekiti, mweka hazina, ada ya kuingia na faini ya kuchelewa. Kijana aliyepitia huko amejifunza kutunza fedha za watu na kutoa hukumu ndogo ndogo miaka mingi kabla hajaitwa kwenye baraza la wazee.

Lakini sababu kubwa ni kiitikio. Manju hana askari wala mgambo. Anapoanzisha wimbo, hunyamaza kidogo, na katika ukimya huo mfupi kila kitu huamuliwa. Kama neno lake limewagusa, sauti hurudi kwa kishindo na wapigaji huongeza mkwiro; kama amesema uongo, au amemwonea mtu, au amejisifu kupita kiasi, kiitikio hurudi kimelegea, akina mama huanza kurekebisha khanga zao, na mtu mmoja nyuma kabisa huinua wimbo mwingine. Nimepata kuona manju mzee akikatwa hivyo mbele ya wageni. Hakugomba, alicheka, akapuliza filimbi yake, akajiunga na wimbo wa yule aliyemkata. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kukaa miaka mitano bila kupimwa kwa namna hiyo hata mara moja.

Kwa Wasukuma, manju alikuwa na mamlaka gani hasa?

Usukumani, kusini mwa Ziwa Victoria, wachezaji wamegawanyika tangu katikati ya karne ya 19 katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Husimuliwa kwamba chanzo chake ni waganga wawili waliokuwa mafundi wa ngoma, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu; wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu. Tangu hapo mtu huzaliwa au huingizwa upande mmoja, na uanachama huo huvuka mipaka ya vijiji na ya tawala za zamani za watemi.

Mashindano yao yana kanuni rahisi ambayo mgeni huikosa kwa kutafuta waamuzi. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja au viwanja vinavyopakana, na watazamaji huhama. Anayebaki na umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Kwa sababu hiyo kila manju hutafuta la kuwafanya watu wageuke: kuna wachezao na nyoka, kuna wanaotumia sanamu na vichekesho, kuna wanaorusha majembe. Yote hayo ni kura, na hupigwa kwa miguu.

Nje ya msimu wa mashindano, vikundi hivyo hivyo vilikuwa nguvu kazi. Vijana wa kijiji walikuwa na mkuu wao, nsumba ntale, aliyewaita kulima shamba la mgonjwa, la mjane, au la yeyote aliyeweza kutoa mlo au malipo. Kazi ilikwenda na wimbo. Ngoma ya bagobogobo, ambayo wengi wameiona kwenye sherehe za kitaifa bila kujua ilikotoka, ilitokana na kulima huko: wakulima wako mstari mmoja, jembe hupanda juu, hugeuzwa hewani, hudakwa kwa mpini na kushuka ardhini pamoja na pigo la ngoma. Anayekosa pigo huchelewesha mstari mzima, na manju hamwiti kwa jina, humtungia ubeti. Mkulima mwenye akili huusikia ubeti wake mara moja tu katika maisha.

Malipo ya kazi hizo yaliwekwa pamoja, na mara nyingi yaligeuka ng'ombe wa kuchinjwa na kugawana baada ya mavuno. Tukiondoa nyimbo, tunaona hapa chama cha ushirika chenye hazina, nidhamu na viongozi, na haishangazi kwamba katika miaka ya 1950 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliota haraka katika eneo hili hili.

Je, ni kweli kwamba manju hutumia dawa?

Wengi wao husema hivyo wenyewe, na waanzilishi wa Bagika na Bagalu walikuwa waganga kabla ya yote. Dawa ya kuvuta watu huitwa samba, na kuna dawa za kujikinga na husuda ya washindani. Jina la Ng'wanamalundi, ambaye Wasukuma humsimulia kuwa alikausha miti kwa kuinyooshea kidole na kwamba Wajerumani walimkamata kwa kumwogopa, linahusiana na ngoma kama linavyohusiana na uganga. Msomaji anaweza kuamini dawa au asiamini. Lililo muhimu kwa mada yetu ni kwamba uganga ulimwongezea manju haiba na pia hatari: anayesifiwa kwa kuvuta umati kwa dawa ndiye wa kwanza kutuhumiwa mvua isiponyesha.

Manju alikuwa chini ya mtemi au alisimama peke yake?

Alikuwa chini yake kisheria na kando yake kiuhalisia. Ngoma ya manju mashuhuri ilikuwa na wafuasi katika tawala kadhaa, jambo ambalo mtemi mmoja hakuwa nalo. Manju alimsifu mtemi mwenye ukarimu, na alipotaka kumsema alitumia mafumbo. Fumbo lilikuwa kinga ya pande zote mbili: mtemi aliweza kujifanya hakulielewa, akarekebisha mwenendo wake bila kuaibika, na mtunzi akalala nyumbani kwake usiku ule. Anayedhani wimbo wa jadi ni mpole kwa kuwa hautaji majina hajausikiliza vizuri.

Wakoloni nao waliwatumia watemi kukusanya kodi na kutekeleza amri za kilimo na mifugo, na hapo kejeli za nyimbo zikapata shabaha mpya. Chama cha TANU kilipopigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, mikutano ya ushirika na mikusanyiko ya ngoma ilibaki, na si rahisi kwa afisa kupiga marufuku kiitikio cha lugha asiyoijua. Utawala wa watemi wenyewe ulifutwa na sheria mwaka 1963. Vyama vya ngoma havikufutwa, na bado vinashindana.

Vyama vya beni vilikuwa na uhusiano gani na uongozi?

Beni, ngoma ya mashindano ya vyama vya mijini, ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea Tanganyika, ambako pande zake mbili zilijulikana kama Marini na Arinoti. Walivaa sare, walipiga ala kwa kuiga bendi za kijeshi, na kupeana vyeo vya mfalme, jenerali na kadhalika. Wazungu waliotazama waliona vichekesho, na baadhi yao wakaona uasi. Wanachama wenyewe waliona zaidi msaada: mgeni aliyefika Dar es Salaam au Tanga bila ndugu alipokelewa na watu wa chama chake, akiugua aliangaliwa, akifa alizikwa kwa heshima. Cheo cha kuigiza kilikuwa na kazi ya kweli. Aliyekuwa “mfalme” wa beni alisikiliza mashauri, alitoza faini na kuandika barua kwa matawi ya miji mingine.

Na wanawake? Je, uongozi huu ulikuwa wa wanaume peke yao?

Hapana, na katika pwani mtu anaweza kusema kwamba wanawake waliutumia vizuri zaidi, kwa kuwa milango mingine ya uongozi ilikuwa imefungwa kwao. Kungwi, au somo, ndiye anayemfunda mwari, na mafunzo ya unyago hayasemwi kwa hotuba. Huimbwa na kuchezwa. Mwanamke anayezijua nyimbo za unyago anajua siri za nyumba nyingi, na huitwa panapotokea mgogoro wa ndoa baada ya ndugu kushindwa.

Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye jina lake halisi ni Fatuma binti Baraka, dunia ilimjua kwa taarabu na kwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, aliyopewa mwaka 2005. Kwa wanawake wengi wa Unguja alikuwa kwanza mtu wa unyago. Picha iliyobaki machoni mwa waliomwona ni ya mwanamke mzee, mwembamba, amesimama wima, ngoma ndefu ya msondo imefungwa kiunoni kwa khanga na kushikiliwa katikati ya miguu, naye anaipiga kwa viganja kwa nguvu ambayo vijana waliokuwa nyuma yake hawakuwa nayo. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Bara pia si tofauti sana. Kwa Wagogo ngoma za muheme hupigwa na wanawake, wakiwa wamezibana katikati ya mapaja, na asili yake ni shughuli za jando na unyago za eneo hilo. Tukirudi pwani, Mombasa vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilikuwa na viongozi, sare na ushindani mkali, na wanawake waliokulia humo ndio waliokuja kuanzisha vyama vya maendeleo ya wanawake Waislamu mjini humo.

Je, kuna manju aliyepata kuwa kiongozi wa taifa?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Bibi Titi Mohamed, ingawa vitabu vingi vya shule humtaja kama mwanasiasa tu na kuiacha ngoma nje.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu, na masomo yake ya shule hayakuwa marefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alijulikana mjini kama mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, naye akawa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo kabisa. Mwaka uliofuata mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Swali hilo ndilo lililowasukuma kuunda kitengo cha wanawake, na Bibi Titi akapewa kukiongoza.

Alichofanya baadaye kinaeleweka kwa urahisi na mtu yeyote aliyewahi kuwa katika kikundi cha ngoma. Hakwenda kupiga hodi kwa mwanamke mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, vya lelemama na vinginevyo, ambao tayari walikuwa na orodha za wanachama, siku za kukutana, mtu wa kupeleka habari nyumba kwa nyumba na mazoea ya kuchanga senti. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kiliingia. Ndani ya miezi michache ya mwaka 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha, wakati ambapo wanaume wengi wenye ajira serikalini walikuwa wakiogopa hata kuonekana na kadi.

Kuna mambo mawili ya kuangaliwa hapa. La kwanza ni kwamba vikundi hivyo vilichanganya makabila. Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni walikuwa wakiitikia wimbo mmoja wa Kiswahili, kwa hiyo umoja ambao chama kiliuhubiri jukwaani, wanawake walikuwa wameushona siku nyingi pamoja na sare zao. La pili ni sauti. Bibi Titi alizungumza kwenye mikutano ya hadhara kama anayeongoza ngoma, akitupa neno na kungoja jibu, na umati ulimjibu kwa sababu ulikwisha kuzoea kumjibu.

Baada ya uhuru alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulioundwa mwaka 1962, na alishika pia nafasi serikalini. Mwaka 1965 alishindwa ubunge, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 alijiuzulu uongozi wa chama kwa kutokubaliana na masharti ya viongozi kutokuwa na nyumba za kupangisha. Alikamatwa mwaka 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na kuachiwa mwaka 1972. Alifariki Afrika Kusini tarehe 5 Novemba 2000 na kuzikwa Dar es Salaam, ambako barabara kubwa ya katikati ya jiji ina jina lake. Maelfu huipita kila siku kuelekea Mnazi Mmoja, na ni wachache wanaojua kwamba inamkumbuka mwimbaji.

Serikali baada ya uhuru iliwatendeaje wanamuziki wa jadi?

Iliwaheshimu na kuwatumia kwa pamoja. Katika hotuba yake ya kuingia urais, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba vijana waliosoma walijua rumba na chachacha, lakini ni wangapi waliojua kucheza gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo au lelemama, na hapo hapo akatangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Wanamuziki wa vijijini waliitwa Dar es Salaam. Mmoja wao alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo, fundi wa ilimba, ala ya vibati vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze, aliyeletwa mjini mwaka 1967 na baadaye kufanya maskani Bagamoyo, mji wenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Zawose alizunguka dunia na kuwalea wanamuziki wa ukoo wake hadi alipofariki mwishoni mwa mwaka 2003.

Gharama yake ilikuwa kwamba ngoma ilihamishwa kutoka uwanja wa kijiji, ambako watu huhama wakichoka, na kupelekwa uwanja wa ndege kumpokea mgeni rasmi, ambako hakuna anayeruhusiwa kuhama. Dakika tano zilitosha, nyimbo zikawa za kusifu, na kiitikio kikawa kimeandikwa kabla. Kwa maoni yangu hilo liliwapunguzia manju wengi mamlaka kuliko amri yoyote ya mkoloni, kwa sababu mkoloni alipowakataza aliwapa heshima ya kuogopwa.

Je, kuna nchi ya jirani ambako ngoma imewekwa chini ya amri ya serikali?

Burundi ndiyo mfano wa kutajwa. Ngoma kubwa za huko zilikuwa za mfalme, zikitunzwa na koo maalumu katika mahali patakatifu kama Gishora, na baada ya ufalme kufutwa mwaka 1966 wapigaji walibaki na ujuzi bila mwenye kuwaita. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Amri ya rais ya mwaka 2017 ikaweka masharti ya kibali na malipo kwa maonyesho ya ngoma hizo na kuwakataza wanawake kuzipiga, ilhali vikundi vya wanawake vilikwisha kuwapo. Wanaoitetea husema inarudisha desturi. Wanaoipinga huuliza desturi gani iliyowahi kuwa na stakabadhi.

Mtu huwaje manju? Je, cheo hiki hurithiwa?

Kipaji husemwa kuwa kimo katika ukoo, lakini cheo hakirithiwi kama shamba. Kijana huanza kwa kubeba ngoma, kuzipasha moto ili ngozi zikaze, kisha huitikia, kisha huruhusiwa kuanzisha wimbo wakati wa mapumziko ambapo hakuna kubwa la kuharibika. Wengine hufuata manju wa mbali na kukaa kwake msimu mzima, wakimlimia. Siku kikundi kinapomwitikia mwanafunzi kwa moyo kuliko mwalimu, ndipo huanza mazungumzo magumu, na mara nyingi kikundi hugawanyika.

Manju hulipwa?

Hutunzwa. Methali isemayo mcheza kwao hutunzwa inazungumzia jambo hili hasa: fedha hubandikwa kwenye paji la uso au kuwekwa miguuni, hadharani, mtoaji akionekana. Kwa desturi njema sehemu kubwa huingia kwenye mfuko wa kikundi. Siku hizi wanaoalika vikundi kwenye harusi na mikutano hulipa kwa makubaliano, mara nyingi kwa simu ya manju mwenyewe, na ugomvi mwingi wa vikundi vya sasa huanzia kwenye simu hiyo.

Dini zimemwacha manju wapi?

Kwa muda mrefu wachungaji na masheikh wengi walimtazama kwa shaka, kwa sababu ya dawa, pombe na mikesha. Hata hivyo, Bujora, karibu na Mwanza, padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alifungua uwanja wa parokia kwa Bagika na Bagalu na kujenga makumbusho ya Wasukuma. Mashindano ya Bulabo hufanyika huko kila Juni, katika majira ya sikukuu ya Ekaristi, na siku hiyo maandamano ya sakramenti na njuga za wachezaji huwa katika uwanja mmoja.

Je, manju wa leo bado ana neno katika kijiji?

Analo, ingawa si kila mahali. Palipo na kikundi hai, afisa afya anayetaka kuhimiza chanjo au mtendaji wa kijiji anayetaka watu wajitokeze kuchimba msingi wa darasa humtafuta manju kabla ya kuitisha mkutano. Wanasiasa nao humtafuta kila baada ya miaka mitano. Baadhi ya manju hugombea udiwani, na hapo hukutana na shida ambayo wenzao hawana: nusu ya wapiga kura ni wa chama kingine cha ngoma.

Nyimbo za jadi ni mali ya nani kisheria?

Wimbo mpya uliotungwa na manju anayejulikana ni mali yake kama mtunzi mwingine yeyote. Kwa sanaa ya jamii isiyo na mtunzi mmoja, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu semi na sanaa za jadi na kutaka kibali kwa matumizi ya kibiashara nje ya mazingira ya asili. Kenya ilitunga sheria maalumu ya kulinda maarifa na sanaa za jadi mwaka 2016. Ugumu uko katika utekelezaji, kwa kuwa manju wengi hawajasajili lolote, na mtayarishaji wa mjini anayechukua kiitikio cha kijijini na kukiweka kwenye mdundo wa kompyuta huandika jina lake peke yake.

Ninataka kurekodi nyimbo za manju wa kwetu. Nianzie wapi?

Anza na kikundi, usianze na manju peke yake, hata kama yeye ndiye anayejulikana. Omba ruhusa mbele ya wote, elezeni kwa pamoja rekodi itatumikaje na fedha zikipatikana zitagawanywaje, na andikeni makubaliano hayo kwenye daftari la kikundi, si kwenye simu yako. Uliza pia ni nyimbo zipi hazirekodiwi. Za unyago na za tiba mara nyingi ni za faragha, na kungwi anayekukatalia hana haja ya kukupa sababu.

Rekodi ukiwa uwanjani, pamoja na vigelegele, vicheko na watoto wanaopita. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 na vyombo vyake vya kurekodia alikusanya nyimbo ambazo mpaka leo zimetunzwa Afrika Kusini, na zina thamani kubwa, lakini mjukuu anayezisikiliza akimtafuta babu yake husaidiwa na kitu kimoja tu, nacho ni jina. Kwa hiyo andika jina la manju, kijiji, tarehe na upande wa ngoma, kisha zunguka mstari wote uandike na majina ya waitikiaji. Jioni ile ile wachezeeni rekodi kabla hujaondoka, kwa spika ya kutosha. Watakuambia ni wapi umekata ubeti, na manju ataomba wimbo wa tatu urudiwe kwa sababu mpiga chapuo alichelewa.